Ada inamuumiza mzazi, mshahara unamuumiza mlezi: pengo alipe nani?

SWALI: Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi miwili. Karibu theluthi ya mshahara wangu inaishia kwenye kituo anakolelewa mchana. Tangu aanze, amebadilishiwa mlezi mara tatu, na kila anayeondoka anataja mshahara. Kwenye kikao cha wazazi tuliambiwa tuchague: ama ada ipande ili walezi waongezwe, ama ibaki ilivyo tuendelee kuwapoteza. Hii pesa tunayolipa inakwenda wapi? Na wanaodai Serikali ichangie, mbona mimi naona ruzuku ikija itaishia mfukoni mwa wenye vituo? Kikao kijacho niseme nini?

JIBU: Dada, uchaguzi mliowekewa mezani hauna jibu zuri, na sidhani kama mwenye kituo anawadanganya. Tupige hesabu kwanza. Ukishaiona, mengine yote uliyouliza yatakuwa mepesi kuyajibu.

Tuseme mlezi analipwa 100 kwa mwezi, kwa sarafu yoyote ile. Anashika watoto wanne wa umri wa mwanao. Hapo sijapendelea upande wowote. Sheria ya England, kwa mfano, haitaki mlezi mmoja awe na zaidi ya watoto watatu walio chini ya miaka miwili. Kituo kinafunguliwa kabla wazazi hawajaingia kazini na kufungwa baada ya wao kutoka, yaani saa 10 au 11 kwa siku, wakati zamu ya mlezi ni saa 8. Ongeza likizo, siku za kuugua na muda wa kula. Ili watoto hao wanne wasibaki peke yao hata dakika moja, unahitaji mlezi mmoja na karibu theluthi ya mwingine. Mishahara imefika 130. Katika kituo kinachoendeshwa vizuri mishahara ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Tuipe asilimia 70, halafu pango, chakula, maji, umeme, usafi, vifaa na bima vigawane 30 iliyobaki. Jumla inakuja kama 186. Gawanya kwa familia nne: kila moja 46.

Maana yake ni kwamba mzazi anayepata mshahara sawa na wa mlezi angelazimika kutoa karibu nusu ya mshahara wake, na hapo hatujaweka faida ya mtu yeyote. Wewe unatoa theluthi. Basi kama kituo chenu kinafanana na hesabu hii, mlezi wa mwanao anapata kama 70 pale unapopata 100. Nafuu yako imetoka kwenye mshahara wake, na ndiyo sababu anaondoka.

Wengine watakwambia tatizo ni uendeshaji mbovu, kwamba kituo kikisimamiwa kibiashara gharama zitashuka. Vipo vituo vinavyoendeshwa vibaya, sikatai. Lakini mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walieleza jambo ambalo halijabadilika mpaka leo: kazi ambazo thamani yake ni muda wa mtu mwenyewe hazipungui gharama kadiri teknolojia inavyokua. Fundi cherehani akipata mashine nzuri anashona nguo mara tatu ya alizokuwa akishona. Mlezi hawezi kubembeleza watoto 12 kwa wakati mmoja kwa sababu tu miaka imesonga. Mishahara ya kazi nyingine inapopanda, kituo kina njia tatu: kurundika watoto zaidi kwa mlezi mmoja, kumlipa mlezi kidogo, au kubaki na watoto wa wenye uwezo tu. Vituo vingi vinachanganya zote tatu kidogo kidogo, bila mtu yeyote kukaa na kuamua kwamba ndivyo iwe.

Ndiyo maana nasema pengo hili haliwezi kuzibwa ndani ya kikao chenu. Linahitaji pesa kutoka nje ya hicho chumba.

Fikiria mtoto wa miaka saba. Hakuna anayemwambia mama yake kwamba mshahara wa mwalimu wa darasa la pili ugawanywe kwa wazazi wa darasa hilo. Katika sehemu kubwa ya dunia mwalimu huyo analipwa na umma, na hilo tunaliona la kawaida. Mtoto wa mwaka mmoja, ambaye anahitaji watu wazima wengi zaidi, analipiwa na mzazi kijana aliye mwanzoni mwa kazi, pengine katika miaka ambayo kipato chake ni kidogo kuliko kitakavyokuwa tena. Mgawanyo huu umetokana na historia ya shule, kwamba shule za umma zilianzia umri fulani na bajeti ikaanzia hapo. Katika mahitaji ya mtoto hakuna kinachouhalalisha.

Na gharama ya kutolipa ipo, ila haiandikwi kwenye bajeti yoyote. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake milioni 606 wenye umri wa kufanya kazi walikuwa nje ya soko la ajira kwa sababu ya majukumu ya malezi na uangalizi wa nyumbani. Wanaume waliokuwa katika hali hiyo walikuwa milioni 41. Benki ya Dunia nayo imekadiria watoto karibu milioni 350 wasiofikia umri wa shule ambao wanahitaji malezi ya mchana na hawayapati. Kuna kodi ambayo haikulipwa, kuna ujuzi uliokaa bure, na kuna watoto walioachiwa ndugu zao ambao nao bado ni wadogo kwa kuwa hapakuwa na namna.

Utasikia pia hoja ya faida: kwamba kila pesa inayowekwa kwa mtoto mdogo inarudi na ziada. Hoja hiyo ina msingi, ila naomba uisikilize kwa makini, kwa sababu watu huichukua nusu. Chanzo chake kikubwa ni mradi wa Perry, uliofanyika Ypsilanti, Michigan, nchini Marekani, kuanzia mwaka 1962 hadi 1967. Watoto 123 kutoka familia maskini waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapata elimu ya awali na wengine hawakupata, kisha wakafuatiliwa hadi utu uzima. Mchumi James Heckman na wenzake walikokotoa kwamba pesa iliyotumika ilirudi kwa kiwango cha asilimia 7 hadi 10 kwa mwaka. Viongozi wanaipenda sana namba hiyo. Wanachokiacha ni kwamba walimu wa Perry walikuwa na shahada na vyeti vya ualimu, kila mmoja akiwa na watoto wapatao sita, na kila wiki walikwenda nyumbani kwa mtoto kuzungumza na mama yake. Mtu anayenukuu faida ya Perry huku akipanga kumlipa mlezi posho anauza matunda ya mti ambao hana nia ya kuupanda.

Sasa hofu yako kuhusu ruzuku. Ni hofu ya haki, na Australia inaipa ushahidi. Kwa miaka mingi serikali ya huko ilisaidia wazazi kwa kuwapunguzia ada, na kampuni yoyote iliweza kufungua vituo na kupokea pesa hiyo. Kampuni ya ABC Learning ilikua kwa njia hiyo mpaka ikawa na vituo zaidi ya 1,000 nchini humo, ikiuza hisa zake sokoni na kununua vituo vingine kwa mikopo. Novemba 2008 ilianguka. Serikali ililazimika kutoa mamilioni ili watoto wasikute milango imefungwa, na baadaye muungano wa mashirika ya hisani ukachukua vituo zaidi ya 600. Pesa ya umma ilikuwepo muda wote huo. Kilichokosekana ni masharti kuhusu ilikokwenda.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: pesa inaingilia mlango gani, na imefungwa kwa masharti gani? Ikipitia kwa mzazi kama vocha au punguzo la kodi, kituo kinaweza kupandisha ada kidogo kidogo hadi kuimeza, na mlezi asione hata senti. Ikipitia kituoni kwa mkataba, mtoaji anaweza kusema: utapokea kiasi hiki kwa kila mtoto, ada yako haitazidi hapa, mishahara yako haitakuwa chini ya ngazi hii, na mahesabu yako yatakaguliwa. Mimi nimechagua upande zamani: pesa iende kituoni, kwa mkataba. Mzazi mmoja mwenye vocha mkononi hana nguvu ya kumwamuru mwenye kituo alipe vizuri. Mlipaji mkubwa anayo.

Australia yenyewe imejifunza sehemu ya hilo. Mwaka 2024 serikali yake ilitangaza kugharamia nyongeza ya asilimia 15 kwa mishahara ya walezi na walimu wa awali kwa miaka miwili, 10 kwanza na 5 mwaka uliofuata. Kituo kilichotaka pesa hiyo kilitakiwa kuipeleka kwa wafanyakazi na kutopandisha ada kwa zaidi ya asilimia 4.4 katika mwaka wa kwanza. Ona jinsi mzazi na mlezi walivyowekwa kwenye sharti moja. Uchaguzi mliopewa nyinyi, ada au mshahara, haupo tena pale ambapo mtu wa tatu amekubali kulipa na amekataa upande wowote uumizwe.

Kanada ni mfano ninaourudia mara nyingi, kwa mazuri yake na kwa makosa yake. Mkoa wa Quebec ulianza mwaka 1997 kwa ada ya dola 5 kwa siku, na akina mama wengi wakaingia kazini, kiasi kwamba baadhi ya wachumi wanasema kodi waliyolipa ilirudisha sehemu kubwa ya gharama. Lakini mahitaji yaliupita uwezo. Orodha za kusubiri zikarefuka, vituo vya faida vyenye ubora wa chini vikaongezeka kuziba nafasi, na watafiti Michael Baker, Jonathan Gruber na Kevin Milligan wakaripoti mwaka 2008 kwamba baadhi ya watoto walionyesha wasiwasi na ukali zaidi kuliko wenzao wa mikoa mingine. Wapinzani wa malezi ya umma huupunga utafiti huo kila mahali. Mimi nausoma kama onyo kuhusu kasi: ukishusha ada kabla hujaandaa walezi, unaowapata ni watoto wengi mbele ya watu wachache waliochoka.

Serikali kuu ya Kanada ilipotenga hadi dola bilioni 30 kwa miaka mitano katika bajeti ya 2021, kwa lengo la ada ya wastani wa dola 10 kwa siku, onyo hilo lilijirudia. Ada zilishuka haraka. Walezi hawakupatikana kwa haraka hiyo hiyo, na kuna majengo yaliyokuwa tayari ambayo vyumba vyake havikufunguliwa kwa kukosa watu. Mkoa wa Nova Scotia ulichukua hatua mwaka 2022 kwa kuweka ngazi ya mishahara kufuatana na elimu na uzoefu. Nyongeza zilikuwa kati ya asilimia 14 na 43. Hebu iangalie hiyo 43. Inaonyesha mtu huyo alikuwa analipwa nini kabla.

Kama unataka hoja fupi kwamba mshahara ndio unaomshikilia mlezi, ipo moja nzuri sana kutoka jimbo la Virginia, Marekani. Mwaka 2019 vituo vilichaguliwa kwa bahati nasibu, na walezi wa upande mmoja wakaahidiwa hadi dola 1,500 wakibaki kazini kwa miezi minane. Katika vituo vya malezi ambavyo havikuahidiwa, walezi 30 kati ya 100 waliondoka. Kwenye vile vilivyoahidiwa waliondoka 15. Idadi ilipungua kwa nusu kwa kiasi ambacho wala si nyongeza kubwa ya mshahara. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili anamjua mtu kwa sauti, harufu na namna anavyombeba. Kumbadilishia mtu huyo mara tatu ni kumtaka aanze upya mara tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi katika barua yako kuliko hata ada.

Usidhani lakini kwamba pesa ya umma peke yake inaleta mshahara wa haki. India ilianzisha mpango wake mkubwa wa malezi na lishe ya watoto mwaka 1975, na leo una vituo zaidi ya milioni moja viitwavyo anganwadi. Wanawake wanaoviendesha wanahesabiwa kuwa watu wa kujitolea, wanaopewa posho ya heshima badala ya mshahara. Colombia nayo ilijenga mtandao mzima, tangu miaka ya 1980, juu ya “akina mama wa jamii” waliolea watoto wa jirani majumbani mwao kwa malipo yaliyokuwa chini ya kima cha chini. Ilichukua mapambano marefu na uamuzi wa Mahakama ya Katiba ndipo mwaka 2014 wakapata mikataba ya ajira na kima cha chini cha mshahara. Katika nchi zote mbili serikali ilisifiwa kwa kuwafikia watoto wengi kwa bei nafuu. Anayelipia unafuu huo ni mwanamke maskini anayelea watoto wa maskini wenzake, na sioni sababu ya kuuita mafanikio.

Kipimo kinachofaa kipo, na nchi zimekikubali kwa maandishi. Mkutano wa UNESCO wa malezi na elimu ya awali uliofanyika Tashkent Novemba 2022 ulitoa azimio linalotaka angalau asilimia 10 ya matumizi ya elimu iende kwenye elimu ya awali, na mishahara na hali za kazi za watumishi wake zilingane angalau na za walimu wa shule za msingi. Hiyo sehemu ya pili ishike vizuri. Ukidai “mshahara mzuri”, kila mtu atakubali na hakuna kitakachotokea. Ukidai mlezi mwenye sifa sawa na mwalimu wa msingi alipwe sawa naye, umetaja kitu kinachoweza kupimwa kwenye orodha ya mishahara.

Pesa itoke wapi? Hapo nchi zimetofautiana, na sioni njia moja ya kumfaa kila mtu. Sweden inatumia kodi za kawaida na tangu 2002 imeweka kikomo: mtoto wa kwanza hagharimu familia zaidi ya asilimia 3 ya kipato, wa pili 2, wa tatu 1. Ufaransa imetumia kwa miongo mingi michango ya waajiri kupitia mfuko wa familia. Jimbo la Vermont, Marekani, lilipitisha mwaka 2023 kodi ya asilimia 0.44 ya mishahara, sehemu kubwa ikilipwa na mwajiri. New Mexico, jimbo jingine la huko, ilipiga kura mwaka 2022 na kuelekeza sehemu ya mfuko wake wa kudumu, unaotokana na mafuta na gesi, kwa watoto wadogo. Jiji la Washington liliwapandishia kodi wenye kipato kikubwa, na mwaka 2022 likawalipa walezi wa kutwa nzima dola 10,000 au 14,000 kila mmoja kulingana na nafasi yake.

Jambo moja tu nalisisitiza kwenye chanzo: kiwe cha kudumu. Wakati wa janga la korona Marekani ilitoa dola bilioni 24 kuviimarisha vituo, na vingi viliongeza mishahara. Pesa hiyo ilikoma tarehe 30 Septemba 2023. Huwezi kumwambia mtu aache kazi yake aje asomee malezi kwa mshahara wenye tarehe ya mwisho.

Turudi kwenye kikao chenu, kwa kuwa bajeti ya nchi haitabadilika kabla ya hapo. Ombeni mahesabu ya kituo, na muangalie mishahara ni asilimia ngapi ya matumizi. Ikiwa ni 65 au 75, mwenye kituo anasema kweli na ni mwenzenu katika shida hii. Ikiwa ni 45, kuna maswali ya kumuuliza kabla hamjakubali senti moja ya nyongeza. Ada ikilazimika kupanda, iandikwe kwamba ongezeko lote linakwenda kwenye mishahara, na wenye kipato kidogo wapandishiwe kwa kiwango cha chini kuliko wengine. Hiyo ni hatua ya kuvuka mwaka, nayo itawauma. Msiichukulie kuwa suluhisho.

Kisha andikeni barua moja kwa diwani na mbunge wenu, wazazi na walezi wakisaini pamoja. Itaje mambo machache: pesa kwa kila mtoto ipelekwe kituoni kwa mkataba, ada iwe na kikomo, mishahara ilinganishwe na ya walimu wa msingi, mahesabu yawe wazi, na fungu hilo liwe la kila mwaka katika bajeti. Barua ya wazazi peke yao husomwa kama malalamiko ya wateja, na ya walezi peke yao kama madai ya mishahara. Zikiwa moja, ni vigumu kwa kiongozi kuzigombanisha pande mbili.

Kwa hiyo kabla ya yote, walezi wawepo kwenye kikao hicho. Kama kawaida hufanyika wakati wao wameshika watoto, kisogezeni hadi jioni baada ya kufunga, mpangiane zamu ya kuangalia watoto, na walezi walipwe kwa saa watakazokaa humo.